Nimemeza dozi mpaka nimechoka, kipimo bado kinasema mdudu yumo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 39, mzaliwa wa Ukerewe, nimeolewa hapa Mwanza mjini na nina watoto watatu. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, naanika, nawauzia wanaopeleka Shinyanga na Kahama. Siku za giza ndizo siku za hela. Mbalamwezi ikitoka ndipo tunapumua. Nakueleza haya ujue mimi si mtu wa kulala kitandani.

Shida yangu ni tumbo. Hapa juu ya kitovu panawaka moto, hasa usiku na nikiwa na njaa. Nikila kidogo nimeshiba, gesi inajaa, nacheua maji machungu. Mwanzoni nilidhani ni njaa tu, maana kuna siku nafika mwaloni saa kumi usiku na chakula cha kwanza ni saa nane mchana. Kwenye zahanati moja ya mtaani wakanitoboa kidole, wakasema nina H. pylori, mdudu wa vidonda vya tumbo. Nikauziwa dawa za boksi, za wiki moja, asubuhi na jioni. Mdomo ukawa mchungu, chakula hakina ladha, ila nilimaliza. Nikapata nafuu. Baada ya miezi michache moto ukarudi, nikatobolewa kidole tena, mdudu yupo. Nikapewa boksi lilelile. Tangu hapo ndio umekuwa mtindo. Nilijaribu kwingine, wakaongeza taifodi na UTI ya mkojo juu yake, nikachomwa sindano. Siku hizi kila asubuhi nameza omeprazoli, ile ya kupunguza asidi ya tumbo. Nikiacha siku mbili tatu moto unarudi maradufu, ndio maana najua kabisa mdudu bado yumo.

Shangazi, huyu mdudu ameingia mpaka kwenye ndoa. Mume wangu alisikia redioni kwamba anaambukiza kwa mate. Sisi tulikuwa watu wa kula sinia moja. Sasa ana kikombe chake na sahani yake. Mama mkwe amemchukua kitinda mimba wetu, yuko naye Magu, mpaka nipone. Hakufanya kwa ubaya, mkwe wangu ni mtu mwema, lakini usiku namwaza mwanangu. Yeye haamini kama ni mdudu wa hospitali. Anasema nimelishwa kitu na watu wa mwaloni kwa sababu biashara yangu inatembea, na kuna mzee huko anatoa dawa. Tena hapa mjini kuna mwingine anauza unga kwenye chupa, anatangaza kwa spika kwamba unafukuza mdudu, taifodi, na kurudisha nguvu za kiume humohumo.

Kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba, kinavunjwa karibuni. Mume anataka hela iende kwenye mabati ya nyumba yetu ya Kisesa, na mimi niache mwaloni nitulie nyumbani, kwa kuwa vidonda vinaletwa na mawazo. Mkwe anataka sehemu yake iende kwa yule mzee. Jirani yangu ananiambia niende hospitali kubwa wanipitishe mpira wenye kamera. Naogopa. Baba yangu alikuwa mvuvi. Alikufa akitapika damu, mimi nikiwa darasa la sita, na ukoo mpaka leo unasema alitiliwa sumu. Mimi moyoni nasema ni hiki hiki nilicho nacho. Tena nimesikia kama ni saratani, ukiguswa na vyuma vyao ndio inasambaa. Gauni zinanipwaya siku hizi, ingawa nimeacha pia maharage, pilipili, ndimu, hata dagaa wangu mwenyewe.

Nimewaza kwenda kimyakimya. Nitoe hela ya kikoba nipime, nikirudi niseme mgao ulikuwa mdogo. Sijawahi kumdanganya mume wangu kwenye hela. Na kwa magunia ninayobeba mgongo nao hauniachi, kila jioni naongeza diklofenaki. Nimechoka na vidonge, Shangazi. Nirudie dozi, niende kwenye kamera, nimfuate mkwe, au niache tu?

Mama Dagaa, Mwanza

---

Marahaba, mwanangu. Na pole, pole sana, kwa tumbo na kwa hicho kikombe kilichotengwa. Nadhani kikombe ndicho kinachouma zaidi.

Nilivaa gauni la uuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, lakini sitakupima humu gazetini. Ninachoweza ni kukaa nawe tuzipitie upya hizi habari ulizoambiwa, maana kuna kadhaa umezipokea kama zilivyo na zimekujengea woga.

Unaniuliza ufanye nini na mdudu aliyekataa kuondoka. Nianze na swali lako la chini kabisa, ambalo hukuliuliza: nani kasema hajaondoka?

Kile kipimo cha kutoboa kidole hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kinga ambayo mwili wako ulitengeneza ulipokutana naye. Wewe unayajua magunia: dagaa wameshauzwa, wameshafika Kahama, na gunia bado linanuka dagaa. Kinga hiyo nayo hubaki kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya bakteria huyo, ndiye mdudu wako, kufa. Kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kukuambia “yupo” kila utakaponyoosha kidole, hata kama boksi la kwanza lilimmaliza. Hakifai kabisa kupima kama umepona. Na kwa kuwa huku kwetu watu wengi hukutana na bakteria huyu wakiwa watoto, ukiwatoboa vidole wauza dagaa wote wa Kirumba, nusu yao au zaidi wataambiwa wana mdudu, na wengi hawaumwi popote.

Sisemi hunaye. Nasema hujui, na waliokutibu nao hawakujua.

Vipo vipimo vinavyomtafuta mwenyewe. Kipo cha choo, ambacho huangalia chembechembe za bakteria, na kipo cha kupuliza pumzi, ingawa hicho hakipatikani kila mahali. Lakini vina masharti ambayo mara nyingi hatuambiwi dirishani. Uwe umekaa angalau wiki nne tangu umalize antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na wiki mbili bila omeprazoli. Omeprazoli humfanya bakteria apungue na kujificha bila kufa, na kipimo kinaweza kusema hayupo kumbe yupo. Ukienda kesho na vidonge vyako vya asubuhi mkobani, jibu lolote watakalokupa litakuwa na mashaka.

Hapo kuna jambo jingine ulilolichukulia kuwa ushahidi. Unasema ukiacha omeprazoli moto unarudi maradufu, hivyo mdudu yumo. Mtu aliyemeza dawa hiyo muda mrefu akiacha ghafla, tumbo humwaga asidi nyingi kuliko kawaida kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Hutokea hata kwa asiye na bakteria yeyote. Kwa hiyo zile wiki mbili za kusubiri kipimo zitakuwa ngumu, nisikufiche. Muulize daktari kama unaweza kuzipitisha na dawa ya maji ya kupoza asidi, ile nyeupe ya magnesiamu; kwa kawaida haivurugi kipimo. Mbalamwezi ungekuwa wakati mzuri wa kufanya hivyo, mwaloni kukiwa kumepoa.

Ikiwa kipimo cha kweli kitasema yupo, basi boksi lilelile si la kurudia. Mara nyingi ndani yake kuna omeprazoli au ndugu yake, amoksilini na klarithromaisini. Bakteria akishaponea kwenye klarithromaisini mara moja, kumpa tena ni kupoteza hela, na watafiti wa hapa hapa Mwanza wamekwisha kukutana na bakteria wasiouawa na dawa hiyo. Kuna mpango mwingine wa dawa nne: ya kupunguza asidi, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, kwa siku 10 hadi 14. Vidonge ni vingi na vinachosha. Bismathi hugeuza choo kuwa cheusi, usije ukadhani unavuja damu. Pombe ni mwiko ukiwa kwenye metronidazoli, na kama kuna uwezekano wa mimba sema mapema, kwa sababu tetrasaiklini haifai kwa mjamzito. Wiki moja uliyouziwa kila mara ilikuwa fupi. Siku hizi kinachopendekezwa zaidi ni siku 14. Sikulaumu wewe wala yule kijana wa dirishani, wote mlipima na mfuko.

(Taifodi na UTI nitapita haraka. Kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika mitaani nacho husema “ipo” kwa watu wengi wasio nayo. Kama hukuwa na homa, sindano zile zilikuwa na kazi gani?)

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiandika mwishoni kana kwamba haina uzito: kila jioni naongeza diklofenaki. Mwanangu, bakteria huyu na dawa za maumivu za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, ndio watengenezaji wakubwa wawili wa vidonda vya tumbo duniani. Inawezekana umekuwa ukimfukuza mmoja asubuhi na kumlisha mwingine jioni. Katika kila dozi uliyopewa, kuna aliyekuuliza habari za mgongo? Parasetamoli haina tabia hiyo ya kutoboa tumbo, na mgongo wenyewe unastahili kuangaliwa. Kati ya yote niliyoandika, hili la diklofenaki unaweza kumwuliza daktari hata kabla ya kikoba kuvunjwa.

Tuje kwa marehemu baba yako. Siwezi kujua kilichomuua, na sitaki kugombana na ukoo wako. Ila mvuvi wa Ukerewe aliyekufa akitapika damu, mimi sikimbilii sumu wala H. pylori. Nafikiria kichocho kwanza. Kichocho cha tumbo kimetanda ufukwe wote huu wa ziwa. Kinaingia kupitia ngozi, mtu akikanyaga tu maji yenye konokono wake. Mayai yake hukwama kwenye ini mwaka hadi mwaka, damu inakosa njia, na mishipa ya chini ya koo la chakula inavimba mpaka siku inapasuka. Mtu anaonekana mzima, kisha anatapika damu nyingi kwa ghafla. Nimewapokea wengi wa namna hiyo zamu za usiku, na karibu kila familia ilikuja na jina la mchawi.

Ninalitaja hili kwa sababu nawe umekulia kwenye maji hayohayo na kazi yako bado iko ufukweni. Kichocho nacho huleta maumivu ya tumbo. Hupimwa kwa choo, ini huangaliwa kwa utrasaundi, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wako. Ikiwa unapeleka choo maabara, omba wakiangalie na hiki. Nadhani ungelala vizuri zaidi ukijua kwamba kifo cha baba si lazima kiwe ndicho kinachokusubiri, na kwamba kama kuna kinachofanana nacho, kinaweza kushikwa mapema.

Kamera basi. Hospitali kubwa kama Bugando huifanya. Unakaa bila kula tangu usiku, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, mpira mwembamba unapita mdomoni mpaka tumboni, unalala ubavu, dakika chache imekwisha. Kipimo hiki kinaudhi, hasa pale mwanzo koo linapokataa. Pumzi haizibwi kwa sababu mpira haupiti njia ya hewa. Wakichukua kipande kidogo cha nyama hutasikia maumivu, na kukichukua hakusambazi saratani. Ni kipande hichohicho kinachowaambia kama ipo au haipo. Hatari zipo, kutoka damu au kutoboka, lakini ni za nadra. Faida yake kwako ni kwamba kitaona kidonda kama kipo, kitamtafuta bakteria, na kitaiona hata ile mishipa ya kichocho niliyokutajia. Hasara yake ni gharama na huo woga wako.

Na saratani, kwa kuwa ndiyo unayoiogopa. Ni kweli kwamba mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walimweka H. pylori kwenye orodha ya visababishi. Ni kweli pia kwamba walio naye ni kama nusu ya binadamu wote, na wanaofikia huko ni wachache sana. Gauni kupwaya linaweza kuwa ni kwa sababu umeacha kula kila kitu, au linaweza kuwa la kuangaliwa. Hapo siwezi kukuamulia nikiwa mbali. Pima uzito, na hilo ukaliweke wazi kwa daktari, pamoja na habari ya baba, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoweza kumfanya asisubiri choo na akupeleke moja kwa moja kwenye kamera. Ukiona choo cheusi cha kunata hali hunywi bismathi wala vidonge vya kuongeza damu, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni, ukipata kizunguzungu mpaka kushika ukuta, usingoje kikoba. Nenda siku hiyohiyo.

Unaweza pia kuacha tu, kama ulivyouliza mwishoni. Watu hufanya hivyo na wengine hawapati shida. Wasiwasi wangu kwa njia hiyo ni kwamba hutaacha kweli. Utaacha hospitali na kubaki na omeprazoli, diklofenaki na usiku wa kuwaza.

Kwa mzee wa Magu, sina ugomvi na mizizi, wala sitaki ugombane na mkwe anayekupenda. Nina ugomvi na yule wa spika. Dawa inayotibu mdudu, taifodi na nguvu za kiume kwenye chupa moja, unajuaje ndani yake hamna hizohizo za maumivu zilizosagwa? Ukiamua kunywa chochote, mwambie daktari, na usichanganye na dozi ya hospitali.

Limebaki la siri, na hapa nakuomba uende taratibu. Naelewa kwa nini umeliwaza: ukiomba, mabati yatashinda. Lakini angalia itakavyokuwa siku yenyewe. Ukipewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kamera watakutaka uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Majibu yakiwa mazuri, utamwambiaje mume kikombe kirudi mezani bila kusema ulikojulia? Yakiwa mabaya, utayabeba na nani? Kwa upande mwingine, wewe ndiye uliyebeba magunia ya hiyo hela, na tumbo ni lako. Sitakuambia kwamba huna haki ya kujipima mpaka upate ruhusa. Kati ya kumficha na kumwomba kuna njia nyingine. Kipimo cha choo gharama yake ni ndogo kuliko kamera na hakigusi mabati. Je, ukimwambia tu kwamba kipimo mlichokuwa mnakiamini wote hakiwezi kujua kama umepona, na unataka kufanya cha kweli? Anaweza kukataa. Anaweza pia kuwa amechoka na sahani yake peke yake kuliko unavyodhani.

Mkiongea, mwambie na hili: wengi wetu bakteria huyu tulimpata utotoni, nyumbani, kwa midomo na mikono ya waliotulea, hata kama njia yenyewe haijulikani kwa uhakika wote. Mtu mzima aliyekula nawe sinia moja miaka yote hiyo, kama ni kumpata, kikombe cha leo hakimsaidii kitu. Kunawa mikono kwa sabuni kunatosha. Na kitinda mimba wenu, kama hana maumivu, hahitaji kupimwa wala kupewa dozi, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumweka Magu. Mkwe akitaka kukaa na mjukuu ni jambo jema, lakini iwe kwa sababu hiyo.

Kuhusu kuacha mwaloni: mumeo si wa kwanza kusema vidonda huletwa na mawazo. Madaktari wenyewe waliwaambia wagonjwa hivyo mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipomkuta bakteria huyu tumboni mwa watu mwaka 1982. Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao ili kuthibitisha, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mawazo huongeza maumivu, kidonda hakiletwi nayo tu. Maharage na dagaa hawana kesi pia, kula vile visivyokuchoma. Ila kutoka saa kumi usiku mpaka saa nane mchana bila kitu tumboni, hapo utawaka moto hata ukipona. Beba uji kwenye chupa ya chai.